Mwosha wa Kigombe na Malkia wa Misri

Wanaosema wifi yangu Saleha alikwenda kututia aibu Misri hawakuwapo. Mimi Tausi nilikuwapo, nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kama kuna mtu wa kulalamika ni mimi, maana mtandio wangu ulilowa jasho la woga mpaka ukakamuka. Basi nisikilizeni mimi, yaacheni maneno ya barazani.

Saleha ni dada wa marehemu mume wangu. Kigombe nzima inamjua kwa kazi moja: anaosha maiti wa kike. Akifa mwanamke, kuanzia kwetu mpaka huko Pangani, Saleha anaacha sufuria jikoni anatoka na kikapu chake cha kafuri, pamba na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Anaingia chumbani na wasaidizi wawili, mlango unafungwa, doti za kanga zinashikiliwa juu ya kitanda, na yatakayoonekana humo ndani hayatoki. Miaka ishirini na sita sasa. Mimi nakula naye sahani moja, nimemchokonoa weee! Nimemuuliza fulani alikuwa na kovu gani, na fulani ni kweli mumewe alikuwa akimpiga? Ananitazama tu, kisha ananiambia, "Tausi, kwako huna mchicha wa kuchambua?"

Watoto wa kina mama aliowaosha ndio waliochanga ili aende umra. Walimwambia achague mtu wa kufuatana naye, akanichagua mimi, eti kwa kuwa nakoroma na yeye hawezi kulala penye kimya. Kiongozi wa msafara alikuwa Ustadhi Uweso, mtu wa Pangani, msomi, Kiarabu alikisomea Misri hukohuko. Ratiba aliyopanga ilikuwa siku mbili Misri, tuone makaburi ya mafirauni na misikiti ya kale, halafu Jedda, halafu Makka. Pasi zetu zote alizishika yeye kwenye mkoba wa ngozi, tusije tukazipoteza.

Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye mapiramidi. Jua, mchanga, ngamia, na wachuuzi wanaokung'ang'ania kuwashinda wauza machungwa wa stendi ya Muheza. Nilipiga picha mpaka simu ikazima. Saleha yeye, kila tukifikishwa kwenye kaburi, anavua viatu, anasimama mlangoni, anatoa salamu kwa sauti: "Asalaam aleikum, wenyeji."

"Wifi, hawa mafirauni," nikamnong'oneza. "Hawakuwa Waislamu."

"Kwani hodi inauliza dini?" akanijibu, akainama akaingia.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kimisri mwenye kibendera chekundu, akacheka. Wenzetu wakacheka. Na mimi nilicheka, sikatai.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Tuliingia jumba moja la makumbusho, tukateremka ngazi mpaka kwenye ukumbi wa giza na baridi. Mimi nilidhani tutaonyeshwa majeneza. Kumbe maiti! Maiti wenyewe, wafalme na malkia, kila mmoja ndani ya sanduku la kioo na taa juu yake. Mwongozaji akasimama kwenye sanduku la malkia mmoja akaanza kueleza, Ustadhi anatafsiri: alikufa akiwa na umri kadha, tazameni meno yalivyooza, tumboni alikuwa na maradhi haya na haya. Sanda ilimfunika mpaka kifuani, lakini uso ulikuwa wazi, shingo wazi, nywele wazi. Watu wakasogea. Mtalii mmoja wa kiume aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

Saleha alikuwa anatazama nywele.

"Kasukwa," akasema. "Tazama, Tausi. Kuna mwanamke alikaa na huyu baada ya kufa kwake, akamsuka, akamfunga vizuri, akamfunika. Halafu hawa wakaja wakamfunua."

"Wifi, twende zetu."

"Na ugonjwa wake wanautangaza mbele ya wanaume."

Aliisema kwa sauti ya chini, na sauti ile naijua. Ndiyo aliyomtolea nje mke wa mwenyekiti wa kijiji siku alipoingia kwenye chumba cha maiti kuchungulia. Kabla sijamdaka mkono akawa ameshavua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya kioo, akaivuta pembe kwa pembe, akainyoosha kwa kiganja taratibu, kama yuko Kigombe kazini.

Lo! Kelele zilizozuka hapo! Walinzi wawili wakaja mbio, mmoja akainyakua kanga, mwingine anafoka Kiarabu huku ananyoosha kidole. Watu wakatoa simu wakaanza kutupiga picha. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. 

Tukaingizwa ofisini watatu: Saleha, mimi na Ustadhi. Ofisa mwenye miwani akaikunjua kanga mezani, akataka kujua maandishi yale ni kauli ya chama gani cha siasa. Yaliandikwa MKINISEMA MIMI NA NYIE MJITAZAME. Ustadhi akajifuta jasho, akaeleza kwamba ni mambo ya wanawake tu. Ofisa hakuridhika. Akasukuma karatasi: huyu mama atie saini kwamba amekosa na hatarudia, la sivyo anaitiwa polisi.

"Tia saini, Bi Saleha," Ustadhi akasema. "Ni neno moja tu. Kubali umekosa, tuondoke."

"Sijakosa."

"Mama, ndege ya Jedda ni kesho alfajiri. Nina watu thelathini na wawili. Polisi wakikushika mimi sikusubiri. Nakuacha hapahapa, na Makka huioni."

Makka! Moyo ulinipasuka. Mwanamke huyu nguo zake nyeupe za safari alizishona mwenyewe, akazifukiza udi, na kila wiki alikuwa akizitoa sandukuni anazitazama, anazikunja tena. Nikampiga kiwiko. "Saini, wifi! Mungu anaujua moyo wako. Utatubu hukohuko mbele ya Kaaba!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, msije mkadhani hakuumia. Lakini kalamu hakuigusa.

"Nikisema kumsitiri maiti ni kosa, Makka naenda kufanya nini?" akasema. "Na nikirudi Kigombe nitamgusa maiti wa nani tena?"

"Maiti ya kafiri ya miaka elfu tatu hiyo!" Ustadhi akapaza sauti. "Inakuhusu nini wewe?"

Hapo Saleha akageuza kiti chake, wakatazamana.

"Uweso," akamwita, jina la ustadhi akaliweka kando, "mama yako nilimuosha mimi. Wewe ulikuwa huku Misri unasoma. Mwaka wa kumi na tano huu. Umewahi kusikia neno, Pangani au Kigombe, msikitini au gengeni, juu ya mwili wa mama yako?"

Ustadhi akaushusha mkoba magotini.

"Na angekuja mtu akamfunua, akamuwashia taa, akahesabu meno yake, ungetaka nipite tu?"

 Ofisa anatutazama mmoja mmoja, haelewi kitu. Mwisho Ustadhi akaivuta ile karatasi upande wake, akaandika Kiarabu mistari mingi, akatia saini yake mwenyewe. Baadaye alituambia alichoandika: kosa ni la kiongozi wa msafara, ambaye hakuwaeleza watu wake kwamba wanaingizwa kwa maiti. Ofisa akasoma, akasoma tena, akashusha pumzi, akagonga mhuri na kumrudishia Saleha kanga yake.

Tulipofika nje kwenye ngazi, basi linatupigia honi, Ustadhi akafungua mkoba, akatoa pasi ya Saleha. Hakumpa. Aliishika tu, anaigeuzageuza.

"Bi Saleha," akasema, na sauti haikuwa ya ustadhi tena, "mimi nilifika siku ya tatu nikakuta kaburi. Kuna walioniambia aliugua siku mbili, kuna walioniambia mwezi. Wengine waliinama tu. Nakuomba. Alikuwaje? Mimi ni mwanawe, nina haki ya kujua."

Nisiseme uongo, na mimi nilitega sikio.

 Saleha akachukua ncha ya kanga, akamfuta machozi, mtu mzima na ndevu zake, pale mbele ya watu.

"Mama yako alisitirika, mwanangu," akasema. "La zaidi sikwambii, hata ukiichana hiyo pasi sasa hivi."

Ustadhi akampa pasi yake, kwa mikono miwili.