Korane na Alama ya Mkaa

Korane Dubow hakukubali kitu cha mtu kiguse kitu chake mpaka aulize kwanza, na jibu lisipomridhisha, basi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza iliyopakana na ofisi yake, karibu na soko la mifugo la Garissa, kwa hiyo ukaidi wake niliusikia kila siku ya Mungu kupitia ukuta wa mabati. Watu walimwita mtu wa roho ngumu. Mimi nasema alikuwa na sababu zake, ila zilikuwa za zamani kuliko kazi aliyokuwa akiifanya.

Sababu yenyewe ilianzia upande wa Ijara, alikozaliwa. Mwaka mmoja wa ukame baba yake aliwaacha ngamia kwa jamaa wa mbali aliyekuwa na malisho, akaenda kutafuta maji kwingine. Aliporudi akakuta wanyama wake wamechomwa alama mpya juu ya ile ya zamani. Wazee walikaa, wakasikiliza, wakazipapasa zile ngozi kwa vidole, na mwisho wakasema hawawezi kuhukumu kinyume cha alama. Kwa wafugaji wa huku alama ya moto ndiyo hati. Ukimwacha mwenzio amchome mnyama wako, umekwisha kumtoa. Korane alikulia katika nyumba isiyo na ngamia hata mmoja, na alipofika mjini kazi yake ya kwanza ikawa kuchoma alama sokoni. Alisifika kwa kukataa kumchoma mnyama yeyote ambaye mwenyewe hayupo.

Baadaye akaingia kwenye taar, ile redio ya upepo ambayo watu waliitumia kuwatafuta jamaa zao hadi Mandera na ng'ambo ya mpaka. Taar haina siri. Unamwita mtu wako, na kila mwenye mtambo anakusikia unavyolia. Korane alikaa miaka mingi akisikiliza vilio vya watu na hakuwahi kutoka nje akasimulia hata kimoja. Mimi ningeshindwa.

Mwaka wa tisini na tisa ndipo kompyuta ilipofika. Kijana mmoja wa Nairobi alikuja kuifunga, akamfundisha Korane kuunganisha simu na mtandao na kutuma barua. Watu wote walitumia sanduku moja la barua, lake Korane, lililokuwa ndani ya mashine yenyewe. Barua ya mtu ikija alisimama mlangoni akamwita mwenyewe. Ilikwenda vizuri. Lakini alipoanza kufungua kurasa za mtandao, mashine ikawa inamtolea kidirisha: ukurasa huu unaomba kuweka kuki, ruhusu au kataa. Alimuuliza kijana kuki ni nini. Kijana alikuwa na haraka ya basi, akamjibu kwamba ni alama ndogo ambayo ukurasa unaiweka kwenye mashine yako ili ukutambue ukirudi.

Angesema neno lolote jingine, hadithi hii isingekuwapo. Mtu asiyemjua, kutoka nchi asiyoijua, anataka kuitia alama mashine yake? Korane alikataa. Kidirisha kikaja tena, akakataa. Mwisho alimwomba kijana amwonyeshe mahali pa kukataa zote kwa mkupuo mmoja, akakataa zote, na basi likaondoka na kijana wake. Tuliishi hivyo miezi kadhaa bila kuona hasara yoyote, kwa sababu lile sanduku la ndani halikuhitaji alama.

Ndipo akaja Saynab.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Balambala, ameshuka kwenye lori la mbuzi, vumbi hadi kwenye kope. Mwanawe, Abdinasir, aliondoka nyumbani akiwa kijana wakati wa zile vurugu za mpakani, akazunguka nchi za Waarabu na hatimaye akatua Norwei kwenye theluji. Walipoteana. Halafu mwanamke mmoja, Mungu amjuavyo, akajitokeza kwenye taar akijifanya ndiye mama, akamlilia na kumwomba hiki na kile mpaka uongo ukajulikana. Kijana alivunjika moyo. Saynab halisi alipopata njia ya kumwita, mwanawe hakuiamini tena sauti yoyote. Taar inakwaruza, kila mama husikika kama mama mwingine.

Kwa hiyo Abdinasir alitoa sharti, na alilitoa hewani watu wote wakisikia. Amemfungulia mama yake sanduku la barua kwenye mtandao. Neno la kuingilia ni jina la yule ngamia aliyekuwa hakubali kukamuliwa na yeyote isipokuwa mama. Akiingia na kumjibu, atajua ni yeye. Ijumaa ikipita hajaingia, wasimwite tena kwa jina la mama yake.

Saynab alifika Alhamisi.

Jina hilo hakutaka kumwambia Korane. Alisema, bila kumvunjia heshima, kwamba mtu wa taar amesikia mengi mno maishani. Alitaka mwanamke, na asiwe mwenye ngamia. Korane hakukasirika. Alikuja kwangu, akaniomba niiache suti ya bwana harusi niliyokuwa naipiga pasi, maana mimi ni mzaliwa wa Hola, sina hata mbuzi, na nilisoma hadi kidato cha pili. Saynab akaniinamia sikioni akaninong'oneza jina. Lilikuwa jina zuri. Sitalitaja, hata leo.

Korane akaenda kuswali Alasiri, akatuacha. Nikaandika jina la sanduku, nikaandika jina la ngamia, nikabonyeza. Ukurasa ukapepesa, ukarudi vilevile, nafasi zote mbili tupu, kana kwamba hatukuandika kitu. Nikarudia polepole, herufi moja moja. Ukapepesa, ukarudi. Nikamwomba Saynab aniambie tena jina. Akaniambia. Nikarudia, ukarudi.

Hapo akaanza kuwa na wasiwasi. Labda ni yule mwingine, alisema, mamake yule, aliyekuwa na doa shingoni. Tukamjaribu yule. Maandishi mekundu yakatokea juu ya ukurasa kusema neno si sahihi. Tukamjaribu dada yake. Mekundu tena. Tukawapita ngamia wa familia nzima, waliokufa na waliouzwa, na kila jina Saynab alilitaja kwa sauti ndogo kuliko la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira, si kwake, bali kwa yule mtoto wake. Mwana gani anamfanyia mama mtihani wa ngamia?

Mwisho alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akavuta mtandio mpaka machoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alikitumia ili nimwelewe, akiniita abaayo, yaani dada.

"Abaayo, labda mimi nimesahau. Mama gani nasahau? Labda yeye iko na haki."

Unaweza kuniambia nimekosea kukata kitambaa, nikakupimia upya. Huyu alikuwa anaambiwa na mashine kwamba hakumzaa mwanawe, na alikuwa ameanza kuiamini.

Korane aliporudi miguu yake ilikuwa bado na maji ya udhu. Nikamweleza yote. Alivuta kiti, akaniambia niandike jina la uongo, lolote. Nikaandika jina la paka wangu. Maandishi mekundu yakaja. Akaniambia sasa niandike jina la kwanza, lile la Saynab, na akageuza uso wake ukutani nilipokuwa naandika. Nikabonyeza. Ukurasa ukapepesa, ukarudi mtupu. Hakuna mekundu.

Akaniambia nirudie yote mawili. La uongo, mekundu. La Saynab, kimya.

"Fundi," alisema, "hii najua yeye. Mlango nafunguka. Halafu kabla hajaingia, nasahau yeye ni nani."

Nilimuuliza kwa nini isahau. Akaitazama ile mashine.

"Kwa sababu haiko na mahali ya kuweka alama. Mimi ndio nimekataza."

Alimgeukia Saynab, akamweleza kwa Kisomali kwamba hakusahau kitu, jina ni lile lile la kwanza. Mama wa watu alifunua uso. Nikadhani sasa Korane atanyoosha mkono, aruhusu hizo alama, mambo yaishe. Wapi. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni. Kule sokoni walikuwa wakichoma ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja, harufu ya manyoya ikatufikia mpaka ndani. Korane alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nilimwona anavyoogopa. Kwangu ilikuwa kubonyeza tu. Kwake ilikuwa kufanya alichokifanya baba yake, kuacha mlango wazi kwa jamaa wa mbali.

Mimi subira si kipawa changu. Nilimwambia ngamia wa baba yake walishakwenda, na kwamba huyu mama hatalala tena usingizi mzuri kwa ajili yao. Alinitazama vibaya, na nilistahili, lakini nisingelirudisha lile neno.

Saynab hakujua tunagombania nini, akauliza. Korane akamweleza: alama, mgeni, mashine. Yeye akasikiliza kama anavyosikiliza mtu jambo la kawaida kabisa, halafu akauliza swali moja kwa Kisomali. Korane alinitafsiria baadaye. Aliuliza: ni alama ya moto, au ya mkaa?

Maana wakati wa kiangazi, mifugo ikijaa kisimani, mwenye zamu huwapaka mkaa wanyama aliowakubali kunywa. Bila hivyo kila mnyama akigeuka angeulizwa upya ni wa nani, na hakuna ambaye angefikia maji. Ule mkaa haumfanyi ngamia kuwa wa mwenye kisima. Wakiondoka unakwisha wenyewe, kwa jasho na kwa kusuguana na miti. Hayo Korane aliyajua tangu utotoni. Alikuwa tu hajayaweka pamoja na yale mengine.

Akarudi kitini. Hakuruhusu zote, msimdhanie hivyo. Alibadilisha ili mashine iwe inamuuliza tena, moja moja, na akaniomba nimsomee Kiingereza cha kila kidirisha. Nikaandika jina la ngamia. Kidirisha cha kwanza kikasema alama hii itakaa hadi mwaka elfu mbili na kumi.

"Hiyo ni moto," alisema, akakataa.

Cha pili hakikutaja mwaka wowote. Ilikuwa alama ya kudumu mpaka utakapofunga programu, basi. Korane akavuta pumzi.

"Bismillahi. Hiyo ni mkaa."

Ukurasa ukapepesa, na haukurudi. Tuliingia.

Barua zilikuwa nyingi, zote za mtu mmoja. Korane alizisoma kwa sauti, kwa Kisomali, kuanzia ya zamani, na mimi sikuelewa ila neno hooyo, yaani mama, lililokuwa likirudi kila mara. Za mwanzo zilikuwa ndefu. Kadiri alivyosoma ndivyo zilivyofupika, mpaka ile ya mwisho, ya siku hiyohiyo, ikawa mstari mmoja. Korane aliusoma, akanitafsiria bila mimi kuomba: Kama hakuna mtu humu, basi nilikuwa najiandikia mwenyewe. Nililia. Saynab hakulia. Aliuliza herufi za kujibu ziko wapi.

Jibu lake, alivyonitafsiria Korane, lilianza kwa matusi ya upendo ambayo yeye mwenyewe aliona haya kuyaandika. Alimuuliza mwanawe ni adabu gani hiyo, kuuliza jina la ngamia kabla ya kuuliza hali ya mama. Akamwambia yule ngamia yu hai, amezeeka, na bado anampiga teke kila anayemkaribia na chombo cha maziwa. Akamtajia kovu alilonalo Abdinasir gotini na mbuzi aliyemtia lile kovu. Mwisho akasema avae viatu.

Barua ilipokwenda, Korane aliweka mkono kwenye kipanya afunge programu, kisha akasita. Saynab aliona, akauliza kuna nini. Akamweleza kwamba akifunga, mkaa utafutika, na mashine haitamjua tena mpaka alitaje upya lile jina. Asipofunga, atakayekaa kwenye kiti hiki baada yake ataingia kwa jina lake.

Saynab alikuwa ameshasimama, anajifunga mtandio vizuri, lori lilikuwa linapiga honi upande wa daraja.

"Funga," alisema. "Mtoto yangu najua mimi."

Akatuaga akatoka. Korane hakufunga. Yule mtu aliyezikataa alama za dunia nzima alikaa mbele ya ile moja, mkono juu ya kipanya, akiitazama barua ya mwisho ya Abdinasir kama anayeona uchungu kuufuta mkaa uliomrudisha mtoto kwa mamake. Nilisubiri, kisha nikamwondoa mkono taratibu, nikafunga mimi.