Gazeti Chini ya Kiti ya Mama Mukwe

Musianze kucheka sasa. Mungoje nifike kwa kiti, hapo mutacheka vizuri, na mimi nitacheka na nyinyi, sababu kulia nililia tayari. Kuko haya yenye inaishaka mu siku mbili, na kuko haya yenye inakufuata mupaka soko, unainama uchague nyanya, mama muuzaji anakuangalia, anakuuliza: «Ee, si weye njo ule wa kiti?» Yangu ni ile ya pili.

Mi naitwa Patrick, niko na kibanda ya fotokopi hapa Bunia, na ugonjwa yangu ni BD za zamani. (BD ni yale magazeti ya mapicha, maneno inatokea batu mu kinywa sawa moshi. Kama ulisoma primaire walishakunyanganya moja chini ya pupitre, ile meza ya darasa, usinidanganye.) Nakusanyaka zenye zilichapwa Kinshasa wakati baba zetu balikuwa bangali bijana, nazitoaka kwa bauzaji ya karanga kabla bazipasule kwa kufungia, kwa bajane benye banasafisha masanduku ya marehemu, kisha nazipima. Navaa gants za mikono za lopitalo, nakamata lupe, ile kioo ya kukuza, napatia kila moja points kwa kumi, sawa vile mwalimu anakosolaka devoir. Agrafe, ile kachuma ya kushikisha kurasa, imeota kutu, natosha point moja. Kona imejikunja, natosha. Mafuta ya mikate kwa couverture, ile jalada ya inje, natosha mbili na ninakasirika siku muzima. Dix sur dix, kumi kwa kumi, sijapatiaka hata moja. Tuko na group ya WhatsApp, siye bane: mimi, mumoja wa Kisangani, mumoja wa Goma na muzee moja wa Kampala, na bote bananiitaka Mwalimu Sifuri.

Sasa kuko moja inaitwa Kapita Bilulu (bilulu ni badudu), hadisi ya kapita, musimamizi wa kazi, mwenye kofia nyekundu, mukali sana kwa bafanyakazi, lakini akiona hata nzige moja anapanda juu ya meza. Numero zake ni makumi mbili. Niko nazo zote, isipokuwa numero 14. Miaka sita natafuta 14! Niliitafuta Mahagi, niliitafuta mupaka Mahagi-Port, nikarudi na samaki tu.

Basi ilifika siku ya kujijulisha kwa familia ya Rebeka. Rebeka njo ule binti mwenye alikuja kwangu kufanya fotokopi ya diplome yake, akarudi kesho yake na fotokopi ya fotokopi, nikaelewa. Bazazi bake ni batu ya Mahagi, bako hapa Bunia, mutaa wa Mudzipela, tangu zamani, na kwao mambo ya mukwe haina muchezo: mama mukwe haumuangalie mu macho, haumusemeshe, haumuguse hata na kidole. Hata kikombe ya chai, kama inatoka kwake kuja kwako, inapita kwanza kwa mukono ya mutu mwingine. Na ile siku ya kwanza kijana hasemi kitu, iko na musemaji wake. Yangu alikuwa baba mudogo Anselme, mutu wa maneno mingi na koti ya kijani. Tukiwa njiani juu ya pikipiki, akanigeuzia kichwa:

«Patrick, weye leo kazi yako ni moja tu: kukaa. Kukaa itakushinda?»

«Hapana, baba mudogo.»

Ilinishinda.

Tulipokelewa vizuri, batu balijaa salon, bashangazi batatu kwa ukuta, baba ya Rebeka kwa kiti kubwa, fauteuil, na mama mukwe mbele yangu kabisa, mama mwenye mwili, na liputa mupya ya kitenge, juu ya kiti ya mbao. Mi nikainamisha kichwa kwa heshima. Munaona shida iko wapi? Ukiinamisha kichwa unaangalia chini, na chini kuko miguu ya viti. Batu ya zamani balisema macho haina pazia. Ile kiti ya mama ilikuwa na muguu moja mufupi, na chini ya ule muguu balikuwa baliweka karatasi ya kukunjwa kusudi isitikisike, na kwa ile karatasi nikaona kofia nyekundu.

Nikasema mu roho: hapana, Patrick, ni sanduku ya sabuni. Nikaangalia tena. Kofia. Pembeni ya kofia, moja. Pembeni ya moja, ine.

Jasho ilinitoka mupaka kwa visigino. Na hapo njo nilikamata ile uamuzi kidogo, kidogo kabisa: niangalie tu kama agrafe iko. Sitaigusa. Nikaacha kitambaa yangu ianguke, nikapiga magoti kuiokota.

Baba mudogo alikuwa mu kati ya maneno yake: «Siye tulikuwa tunapita, tukaona mu bustani yenu ua moja nzuri. Na huyu kijana wetu, munamuona vile, ni mutu mutulivu sana…» Na mutulivu wenu tayari alikuwa anatembea na magoti, kichwa chini ya meza ya soda. Nikafika. Agrafe ilikuwapo! Nikasema nivute kidogo tu nione couverture ya nyuma. Nikavuta kidogo. Haikuja. Nikavuta kama mutu mwenye miaka sita ndani ya mukono.

Ikakuja. Na kiti ikakuja, na mama mukwe akakuja, yeye muzima, na liputa yake, na sahani ya karanga, akaniangukia juu ya mugongo.

Mi niko chini, pumzi imeisha, gazeti iko mbele ya pua yangu, na kinywa yangu, ile kinywa yenye haina akili, juu ya mazoea ya miaka mingi, ikasema na sauti ya kusikika mupaka njiani:

«Quatre sur dix!»

«Eti nini?» mama akauliza juu yangu. «Ananipatia ine?»

«Ine kwa kumi?» baba ya Rebeka akasimama. «Bibi yangu? Mu nyumba yangu?»

«Hapana, mama, si weye!» nikasema, ninamuangalia mu macho, na nikamushika mukono nimusimamishe. Bashangazi bakaanza kuhesabu: «Yoo! Amemugusa! Amemusemesha! Amemuangalia! Sasa anamushika!» Baba mudogo Anselme alijifunika uso na koti yake ya kijani na hakutoka tena.

Balinitosha inje. Nikakaa nyuma ya jikoni na mabata, nasikia sauti zinapanda mu salon, na niwaambie ukweli, hapo sikucheka. Niliogopa. Nilisema Rebeka amekwisha, nimemupoteza juu ya karatasi. Kisha akatoka yeye mwenyewe, macho nyekundu.

«Patrick, bananiuliza kama mutu niliyeleta iko na akili nzuri. Nibajibu nini? Unanipenda mimi, ao unapenda makaratasi?»

«Weye! Mungu anaona, ni weye.»

«Basi unipatie hiyo iko ndani ya koti yako.»

Jamani, sikujua hata kama niliificha. Mukono yangu ilienda yenyewe mu koti, ikashika Kapita Bilulu numero 14, na ikabakia mule mule. Rebeka aliangalia ule mukono. Mabata pia. Nikaitosha, nikamupatia, naye akarudi nayo ndani kubaelezea kama ile ine ilikuwa ya gazeti, si ya mama, na nikasikia kabisa vile baliipiga na kisigino chini ya muguu ya kiti, ko, ko.

Hukumu ilikuja saa kumi. Mbuzi moja ya kumusafisha mama. Na kwa liste ya mahari, nyuma ya mbuzi, maliputa na jembe, baba ya Rebeka aliongeza kitu na biki yake, akaisoma na sauti: «Kiti moja ya mbao, miguu ine, yote sawa.» Tukapiga mikono. Mi nilipiga nguvu kupita bote.

Kiti niliipeleka (niliipima na nivo ya fundi seremala mara tatu). Na siku ya arusi, mbele ya batu bote, shangazi mumoja akaniletea zawadi kutoka kwa mama mukwe, ndani ya sachet. Nikafungua. Ilikuwa yeye, 14. Lakini mama alikuwa ameisaidia. Alikuwa ameipangusa na kitambaa ya maji. Alikuwa ameipiga pasi ya makaa. Kila fasi ya kupasuka alibandika skoch, ile utepe ya gundi. Agrafe zenye kutu alizitosha, akashona na uzi ya rose, nzuri sana, sawa nguo ya mutoto. Na kwa couverture, juu ya kofia ya kapita, aliandika na biki: «Kwa mukwe wangu. Sasa upime tena.»

Baba ya Rebeka akasimama: «Haya, mwalimu. Ngapi?»

Kichwa yangu ilihesabu yenyewe: maji, natosha, pasi, natosha, skoch, Mungu wangu, natosha tatu. Nilikuwa nimefika chini ya sifuri. Nikaangalia chini, kwa heshima, nikaona mikono ya mama juu ya magoti, zimefungana, zinangoja, na kidole moja ingali na alama ya sindano.

«Dix sur dix,» nikasema. Vigelegele ilipigwa mupaka mi nikalia.

Tangu ile siku, nikienda kwa bakwe naangalia dari. Na nimeapa: mutu akienda kuomba bibi, lupe ibakie nyumbani, kinywa pia.

Picha ya 14 niliiweka mu group na points zake. Ule muzee wa Kampala akaandika: «Mwalimu, hii ni moja kwa kumi, na hapo nimekuhurumia.» Nikamutosha inje ya group. Mimi njo admin.