Msimu Niliofundishwa Kutolia

Harufu ya maji ya miwa yanayochemka ni nzito, tamu kupita kiasi, na ndani yake mna moshi wa makapi yanayochochewa chini ya karai. Kule Matulo ilitanda juu ya shamba la babu kuanzia asubuhi mpaka giza lilipoingia, maana jirani yake alikuwa na mtambo wa sukari nguru. Nilipelekwa huko kutoka Kitale miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nikiwa darasa la pili, mama alipougua akalazwa katika hospitali ya misheni kule Lugulu. Baba alibaki Kitale kwa sababu ya kazi yake ya shamba. Hakuna aliyenieleza mama anaumwa nini. Niliambiwa tu kwamba atarudi, nikakabidhiwa kwa bibi, ambaye kwetu huitwa Kukhu, na babu, ambaye ni Kuka. Kila jioni, kuku walipokuwa wakiingia jikoni kulala, nilikaa kizingitini nikalia nikitaka kupelekwa Lugulu nimwone mama. Sikutaka kitu kingine.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, udongo mgumu kama tofali, watu wakitazama mlima wakingoja mvua. Huo ndio wakati ambapo fahali wachanga hufundishwa kulima. Kwetu fahali hafungwi plau siku ya kwanza. Hutiwa nira pamoja na fahali mzee aliyezoea, wakaburuta gogo kwa mnyororo barabarani, wakienda na kurudi, vumbi likiwafuata, mpaka shingo changa ikubali. Kuka alifundisha kwa kiboko, kama alivyofundishwa na baba yake. Lakini mwaka huo baba yangu mdogo, Wekesa, alikuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, na alikuwa amerudi na saikolojia. Alisema kiumbe chochote hujifunza kwa matokeo ya anachokifanya: tendo likifuatwa na kizuri litarudiwa, likifuatwa na kimya litakufa lenyewe. Wakati wa kula alitusimulia habari za mtaalamu wa Urusi ambaye mbwa wake walidondokwa na mate kwa kusikia ishara ya chakula tu, na wengine wa Amerika waliowafungia njiwa na panya katika visanduku, wakawafunza kugusa kitufe ili wapate punje. Kuka aliuliza kama mbwa hao hawakuwa na wenyewe.

Wekesa alinunua sukari nguru kwa jirani, akaimega vipande, akajaza mfuko wa koti. Fahali mchanga alipopiga hatua, alimlambisha. Fahali alipogoma, Wekesa alisimama tu, akatazama pembeni kama mtu aliyesahau alichojia. Wapita njia walisimama kutazama. Kuka, aliyekuwa ameegemea ua na kiboko chake mkononi, alimpigia kelele kutoka huko.

"Wekesa, sasa ng'ombe imekuwa mgeni wa kunywa chai?"

"Wewe ngojea tu, Baba. Si utaona."

Na kweli aliona. Kabla mvua haijaanguka, fahali yule alivuta gogo mpaka mtoni na kurudi, mgongo wake hauna alama hata moja. Kuka alikitundika kiboko ukutani, na kwa mtu kama yeye huko kulikuwa kusifu. Tangu siku hiyo neno la Wekesa likawa na uzito pale nyumbani. Ndipo aliponigeukia mimi.

Alifanya hivyo kwa nia njema, nalisema hili bila kinyongo. Aliwaagiza wote kwamba nikilia asinisemeze mtu, asinibebe mtu, asinitazame mtu. Nikinyamaza, nipewe kipande cha sukari nguru na neno zuri. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Kuka alikubali mara moja. Kukhu ndiye aliyesita. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba uji na kitoweo kwenda Lugulu, na asubuhi moja alinifunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, akaniambia twende. Tulikuwa tumefika kwenye lango la miti Wekesa alipotusimamisha.

"Mama, ukimpeleka leo, atajua kilio ndiyo gari ya kwenda Lugulu."

Kukhu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akauachilia mkono wangu, akaenda peke yake.

Jioni hiyo nililia kuliko siku zote. Watu wazima waliendelea kuchambua maharagwe migongo ikinielekea, wakizungumza habari za mbolea. Siku zilizofuata nililia kidogo zaidi, halafu kidogo zaidi, kisha jioni moja nikajikuta nimekaa kizingitini macho makavu, Wekesa akaja akachutama, akanipa kipande kikubwa. Kilikuwa kitamu. Nilifikiri sasa, kwa kuwa nimenyamaza, nitapelekwa. Lakini Kukhu alipouliza kama sasa anipeleke, jibu lilikuwa kwamba mtoto ameshatulia, ya nini kumkumbusha? Nilipolia sikupelekwa kwa sababu nililia. Nilipoacha kulia sikupelekwa kwa sababu sikulia. Sikuikasirikia hali hiyo. Kitu fulani kililala ndani yangu, kama mguu unavyokufa ganzi ukiukalia, nami nikaona ni nafuu.

Mama alirudi mahindi yakiwa yamefika magotini. Alishuka kwenye pikapu ya kanisa, amekonda, leso imemzunguka mara nyingi, akasimama uani akafungua mikono. Watu wote walinitazama. Nilimtambua vizuri. Nilitaka kukimbia, ila kutaka kwenyewe kulikuwa mbali, kama sauti ya mtu ng'ambo ya mto. Nilitembea polepole, nikamwamkia kwa heshima, nikasimama wima mbele yake nikingoja.

"Nasimiyu, ni mimi," mama alisema.

"Shemeji, huyu hakutusumbua hata kidogo," Wekesa akasema kwa fahari. "Amefunzika kabisa."

Mama alishusha mikono. "Kwani nani alikuambia alikuwa ananisumbua?" Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia mbele ya watu wote, nami nikamtazama.

Siku hizi viboko vimekatazwa shuleni, na walimu hubandika nyota kwenye madaftari. Watu wazima nao hukesha wakingoja mioyo myekundu kwenye simu. Wekesa amestaafu, na wanafunzi wake wa zamani humpigia magoti barabarani. Mimi nilimaliza kidato cha nne, kisha nikawa mtu wa njia. Nimeuza mitumba Kachibora, nimepika mkahawani Kitale, nimekaa Malaba, Eldoret, Nakuru. Waajiri hunipenda kwa sababu silalamiki. Nikihama, sisumbuki kuaga.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Tulikaa jikoni tukinywa chai, na bila kuulizwa akaanza kuzungumza habari za Lugulu.

"Uji ulikuwa unanishinda," alisema. "Basi jioni nilikuwa najiambia, saa hii Nasimiyu ananililia. Ndiyo nikaweza kumeza."

Nilijua kwamba hapo palistahili kitu kutoka kwangu. Nilikingoja, kikombe mkononi, mvuke ukipungua. Hakikuja. Nikamwongezea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili.