Mawese Ndani ya Tangi la Mjomba Lusajo

Harufu ya mawese yaliyopata moto hunirudisha nyuma haraka kuliko picha yoyote. Kwa watu wengi wa Kyela hiyo ni harufu ya jikoni, ya maharage yanayoungwa au ndizi zinazopikwa. Kwangu mimi ni harufu ya barabara. Nikiinusa naiona lami imelowa, migomba na mikakao imesimama pande zote mbili, na nyuma yetu moshi mwembamba unatoka kwenye ekzosi ya gari la mjomba, unanukia kama vile kuna mtu anakaanga maandazi chini ya viti. Ilikuwa Desemba, nimemaliza darasa la saba, na mvua za mwanzo wa msimu zilikuwa zimekuja kwa fujo. Majaruba ya mpunga ya Ikolo yalikuwa yamejaa mpaka ukashindwa kujua shamba linaishia wapi na njia inaanzia wapi.

Mjomba Lusajo ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kuchukua abiria kutoka mpakani Kasumulu kuwapeleka Mbeya. Wenzake wote wana magari madogo ya petroli. Yeye alikuwa na gari la Kijerumani, refu, la chini, la rangi ya tope, lililokuwa limeshazeeka kabla mimi sijazaliwa. Alilinunua upande wa Malawi na kuvuka nalo daraja la Songwe huku watu wa stendi wakicheka, kwa sababu ndani yake kulikuwa na injini ya dizeli. Kwao dizeli ilikuwa kitu cha malori na matrekta. Gari la kukimbia, walisema, ni la petroli, basi. Mjomba hakubishana nao. Asubuhi aliingia, akazungusha ufunguo nusu, akangoja taa ndogo ya hita izimike, na muda huo wote hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Kisha injini iliamka kwa mngurumo mzito uliopanda mpaka kwenye magoti yangu. Jioni akifika nyumbani hakuzima mara moja. Aliiacha ingurume taratibu ili tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ipumzike, na sisi tuliokuwa ndani tulibaki tumekaa kimya naye, milango imefungwa, kama watu waliomaliza sala na bado hawajainuka. Nilipenda dakika hizo kuliko safari yenyewe. Ndipo aliponieleza kwamba injini ile haina plagi ya cheche hata moja, kama zile za petroli. "Inaibana hewa, mwipwa," alisema. Mwipwa ndivyo Wanyakyusa tunavyomwita mtoto wa dada. "Inaibana mpaka hewa inashika moto yenyewe kwa hasira, ndiyo inapewa dizeli. Mashine iliyozoea kubanwa hivyo unafikiri itakufa lini?" Nilikwenda kulala nikiwaza hewa yenye hasira.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa, maana bila hivyo safari yenyewe haitaeleweka. Sikuwa naongea. Nyumbani ndiyo, kidogo, lakini mbele ya mgeni sauti ilikuwa inaniishia kooni, na darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua kabisa nilikuwa natazama dawati mpaka anachoka na kumwita mwingine. Sasa mwaka ule nilifaulu mtihani wa kuandika wa shule moja ya bweni ya wasichana huko Mbeya, iliyokuwa na nafasi chache za kusomesha watoto bila ada. Kilichobaki kilikuwa usaili wa ana kwa ana. Ukifika baada ya saa sita mchana, nafasi yako anapewa mwingine. Mama alikuwa anauza samaki wa ziwani, baba alishafariki, na bila nafasi ile safari yangu ya bweni ilikuwa imeisha kabla haijaanza. Mimi niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kuchelewa, na kufika.

Wiki ya usaili daraja moja kati yetu na Tukuyu likaota ufa. Magari mazito yakazuiwa, mabasi yakakoma, na matenki ya mafuta nayo yakakoma. Vituo vya Kyela vikakauka dizeli. Petroli ilikuwa bado ikipatikana kwenye madumu, kwa hiyo magari madogo yaliendelea kwenda, lakini yalijazwa tangu usiku na wafanyabiashara waliokwama. Mjomba alikuwa na dizeli kidogo tu kwenye tangi. Ndipo alipokwenda Ngana kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huyo mzee, mafuta yakiadimika, hufanya jambo ambalo kwetu si ajabu, kwa kuwa michikichi imejaa kila kona: anachuja mawese kwa kitambaa, anayachanganya na dizeli nusu kwa nusu, na mashine inakoboa siku nzima bila kulalamika. Mjomba akarudi na dumu jekundu la mawese.

"Lusajo, hayo si ya kupikia?" mama akauliza.

"Ni ya kupikia, dada. Leo tunalipikia gari."

"Likifa?"

"Dizeli haichagui chakula."

Akamimina. Akangoja taa ya hita. Injini ikawaka mara ya kwanza tu, ikatoa ile harufu, na majirani wakatoka kuuliza nani anakaanga.

Tuliondoka asubuhi ya siku ya usaili, mama mbele, mimi nyuma na mfuko wa mchele. Njia panda ya Kyela tukapitwa na Hamisi, kijana wa duka la vitambaa, ambaye ukoo wao ulitoka pwani zamani. Alikuwa na gari la petroli lenye bawa nyuma na sauti kali kama nyigu. Alipunguza mwendo, akashusha kioo. "Shikamoo mama," akamwambia mama kwa adabu zote, kisha akamgeukia mjomba. "Bro, naona futari iko jikoni. Mtanibakishia?"

"Tangulia tu. Utatukuta mezani," mjomba akajibu.

Hamisi akacheka na kupotea. Kwenye tambarare hatukumwona tena. Lakini barabara ya kwetu haibaki tambarare. Inaliacha joto la ziwa na kuanza kupanda, kona juu ya kona, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bado sina neno lake. Mjomba hakukanyaga kwa nguvu. Hakubadilisha giya hovyo. Aliliacha gari kwenye giya moja, tabo ikapiga mluzi mwembamba, na mlima ukaanza kurudi nyuma. Mgongo wangu ulizama kwenye kiti. Kadiri kilima kilivyozidi kusimama ndivyo injini ilivyozidi kutulia, kama mtu mwenye nguvu ambaye ndiyo kwanza amepewa mzigo wa saizi yake. Katikati ya mwinuko mrefu tukalikuta gari la Hamisi, abiria wamejazana, injini inapiga kelele juu kabisa na gari lenyewe linatambaa. Tulilipita bila kelele yoyote. Mjomba hakupiga hata honi. Mama, ambaye husali sana kwenye milima, aliacha kusali akasema, "Kumbe."

Tukuyu kulikuwa na dizeli, na foleni. Mjomba akaitazama foleni, akatazama saa, akapiga dashibodi kwa kiganja. "Huyu hahitaji," akasema. Tukapita. Kosa lilikuwa hapo, na nadhani ni mtu wa Kyela pekee angelifanya, mtu ambaye maisha yake yote ameyaona mawese yakiwa maji.

Tulipopita Kiwira ukungu ulishuka na mama akajifunika. Karibu na Isyonje, pale juu ambako baridi huingia mpaka kwenye meno, gari likakohoa. Likavuta, likalegea, likakohoa tena, likasimama kando ya shamba la viazi. Mjomba akafungua boneti. Alikagua mikanda, akagusa mabomba, akapiga starta. Kimya. Nilianza kuona nafasi yangu ikikaliwa na mtoto mwingine, msafi, mwenye sauti.

Mama akashuka na kusogea. "Lusajo, shangazi yetu anayekaa huku juu, mawese yake huwa anayaweka wapi?"

"Jikoni. Karibu na moto."

"Kwa nini?"

Mjomba akafungua filta ya dizeli, akachungulia, na mimi nikachungulia chini ya mkono wake. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kizito kama uji uliolala. Mawese yalikuwa yameganda.

"Umelilisha vizuri," mama akasema, "umesahau kumfunika mtoto."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba inayofuka moshi. Mama akaenda, akamsalimia mwenyeji, na akarudi naye wakiwa wamebeba sufuria la maji yaliyochemka. Alivua khanga yake ya juu, akailowesha, wakaizungushia filta. Mjomba alihitaji mikono yake yote miwili kupampu mafuta na kuwasha gari, kwa hiyo kazi ya kuishika khanga ikawa yangu. Maji yalichoma. Nilishika. Mama akamimina mengine juu, kwenye mabomba, tena na tena, na yule mwenyeji akaleta sufuria la pili. Chini ya viganja vyangu nilihisi chuma kikipata joto, kisha kitu ndani yake kikilegea, halafu mjomba alipopampu nikahisi mapigo madogo ya mafuta yakipita. "Sasa," nikasema. Hakuna aliyeniuliza najuaje. Mjomba akapiga starta, na chuma kile kilichokuwa kimekufa kikatetemeka mikononi mwangu, silinda moja, kisha nyingine, kisha zote, moshi ukafunika barabara, na mngurumo ule ukasimama juu ya mlima kana kwamba haukuwahi kukatika. "Ndaga fijo," mama akamshukuru mwenyeji, naye akasema turudi kula viazi.

Tulifika geti likiwa limeshafungwa. Mlinzi alituonea huruma, akalifungua. Ofisini mkuu wa shule, sista mwenye miwani, alikuwa anakusanya karatasi. Aliitazama mikono yangu, myekundu kwa maji na mawese, akauliza swali moja tu: kwa nini nimechelewa. Nilijua hilo ndilo swali pekee nililobakiwa nalo. Nikafungua mdomo nikitegemea ukimya wangu wa kawaida, na badala yake ikatoka injini. Nilimweleza hewa inavyobanwa, kwamba hakuna plagi, kwamba mawese ya Kyela hayajawahi kujua baridi, kwamba nilikuwa nimeshika filta na nikahisi mafuta yakipita. Sista alikaa tena chini. Akauliza la pili, la tatu. Mama, mlangoni, alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu.

Nipo kidato cha nne sasa, kwenye shule hiyo hiyo. Barabara imetengenezwa, daraja jipya, na nikipanda basi la kurudi likizo huwa nalala usingizi Isyonje yote. Fizikia imenipa majina ya karibu kila kitu nilichokiona siku ile: mgandamizo, msukumo, joto la kuwakia, na sababu ya dizeli kuwa na nguvu kubwa hata ikizunguka polepole. Hamisi amenunua gari linalowaka kwa kubonyeza kitufe, na haliishiwi pumzi mlimani. Bado mimi si msemaji. Likizo iliyopita mjomba aliliwasha gari lake, boneti wazi, akaniita nisikilize kama nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zinafanya kazi sawa. Niliweka kiganja juu ya chuma. Nilidhani nikishajua sababu zote mshangao utakwisha. Haukwisha: nywele za mkono wangu zilisimama, na nikabaki pale mpaka mjomba alipozima.