Mashua ya Watu Tisa

Mume wangu, Baba Neema, alipotangazwa wa pili, uvumilivu ulinitoka. Wa pili! Wiki nzima wenzake wa kiwandani kule Jeffersontown walikuwa wamemcheka kwa kuingia mashindano ya kuvua samaki aina ya bass: "Mkongomani, utavua na beseni?"

Mashua nilichagua mimi. Mwenye kukodisha aliuliza ya watu wangapi, nikahesabu kama tunavyohesabu kwetu Uvira: baba, mimi, watoto wanne, mama mkwe, na mama wawili wa kwaya wenye sufuria ya fufu. Akatupa ile pana yenye viti na turubai, sebule inayoelea. Wenzetu walitupita na vimashua vyembamba, wawili wawili. Nikawahurumia: maskini, hawana familia.

Mchana tulishuka ng'ambo ya ziwa kupika, Baba Neema akaenda peke yake kupimisha samaki kwa waamuzi. Waliotuona hawakutusema kwao. Mdomo ulikuwa wangu.

Nilifika kwenye meza ya waamuzi na mtoto mgongoni. "Naleta malalamiko rasmi, andika! Mume wangu alivua huku watoto wanamvuta shati na mama yake anamgombeza. Bon, wa kwanza ni yeye!"

Mwamuzi, mzungu mmoja, akaanza kuandika. "Mlikuwa wangapi ndani ya mashua?"

"Tisa," nikajibu kwa fahari.

Kalamu ikasimama. "Madamu, mashua moja ni watu wawili tu. Wakizidi, mshindani anaondolewa."

Baba Neema alikuwa nyuma yangu. Akaweka kikombe chake cha ushindi mezani, polepole.

"Donc, Mama Neema, mwambie na habari ya sufuria."