Sahani ya Mzee Nassor, Baa ya Ghubra

Siku yangu ya kwanza kazini, katika baa ya Kihispania mtaa wa Ghubra, mpishi mkuu, Mhispania wa sauti ya chini, alinionyesha visu viwili kabla hajaniuliza jina. Cha mpini mwekundu kilikuwa cha nguruwe, cha mpini mweupe cha vyakula vingine vyote. Kila kimoja kilikuwa na ubao wake na sinki lake.

"Ukivichanganya, unarudi Kenya siku hiyohiyo," akasema. "Hapa ni Maskati. Watu wanatuamini."

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na kwa aibu niliyokuwa nayo, mengi niliyoshindwa kuyasema niliyaandika daftarini.

Tuliuza tapas, yaani vyakula vya Kihispania katika sahani ndogondogo, watu huagiza nyingi wakala pamoja: zeituni, pweza, na tortilla. Hiyo usidhani ni chapati. Ni mayai na viazi, nene kama keki. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi tulilikata vipande vyembamba kama karatasi.

Mzee Nassor, Mwomani aliyezaliwa Unguja, alikuja kila Jumatatu mchana. Alikaa nje na soda yake, akaagiza tortilla.

"We mtoto, sauti umeiacha Mombasa?"

"Mimi ni wa Nakuru, mzee."

"Ndo maana. Baridi imekugandisha ulimi."

Mwaka wa pili nilitolewa kwenye kuosha vyombo, nikapelekwa kaunta. Jumatatu moja watu walijaa. Nilikuwa nakata nguruwe, ikaitwa tortilla ya Mzee Nassor, nikaikata. Mhudumu akaondoka na sahani. Ndipo nikatazama mkononi: mpini mwekundu.

Hakuna aliyeniona. Nikawaza kibali changu cha kazi, nikamwaza mama, ambaye kanisa zima alishaliambia niko Ghuba. Nikatoka mbio. Kipande cha kwanza kilikuwa tayari mdomoni mwake.

"Mzee, tema. Nimekosea kisu. Nimetumia cha nguruwe."

Akatema kwenye karatasi ya mezani. Akasukutua mara tatu kando ya maua.

"Bosi wako anajua?"

"Bado."

"Nani kakuona?"

"Hakuna."

Akainuka. "Basi nenda kamwambie mwenyewe. Mimi nnaondoka."

Mpishi mkuu alininyang'anya kisu, akaitupa tortilla yote. "Ningeyasikia haya kwake, ungeondoka leo," akasema. "Rudi ukaoshe vyombo."

Niliosha miezi minane. Kila Jumatatu mlango ukifunguliwa, nilichungulia nje. Mzee Nassor hakurudi.

Baadaye nilihamia hoteli moja karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, nikawa msimamizi wa jiko, hadi magoti yaliponistaafisha. Vijana wanaokwenda Ghuba huniuliza kama niliogopa kurudishwa nyumbani. Niliogopa mno. Lakini hofu iliyobaki nami ni nyingine: kwamba ningenyamaza, naye angemaliza sahani, akanishukuru kwa Kiswahili chake kizuri, na Jumatatu iliyofuata akaja tena.