Moshi Kwenye Nywele za Chiriku

Binti wa msusi alikuwa msemaji hata majirani wakambandika jina la Chiriku. Akishaanza kusema, hakuna aliyeweza kumnyamazisha isipokuwa kifua. Kifua kikimbana, maneno yalikatikia njiani, mbavu zikaingia ndani, na shingo ikabonyea kila alipovuta pumzi. Mama yake alikuwa ameshazoea kuacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama timtim, kumbeba mtoto na kukimbilia zahanati.

Huko ndiko walikokutana na muuguzi aliyekuwa akiwapima wanawake na watoto wasiovuta sigara, ili ijulikane wanakula moshi wa wenzao kiasi gani. Muuguzi alikata kishungi kidogo cha nywele kisogoni, karibu kabisa na ngozi, kwa mtoto kisha kwa mama.

"Nywele tu?" msusi akacheka. "Mimi nazifagia kutwa!"

"Moshi ukiingia mwilini, dada, nywele zinaota nao," muuguzi akamwambia. "Huwezi kuuosha kwa sabuni."

Majibu yaliporudi, kicheko kilimwisha. Nywele za mama zilikuwa na moshi kidogo. Za Chiriku zilikuwa kama za mtu anayevuta mwenyewe.

Msusi hakuhitaji kupiga ramli. Mumewe, fundi baiskeli, na sigara walikuwa chanda na pete. Alimvaa kabla hajavua viatu.

"Unamuua mwanangu!"

"Mama Chiriku, mimi navutia nje. Nje kabisa!"

"Nje gani inayofika kwenye nywele za mtoto?"

Kesho yake fundi aliacha. Akawa anatafuna njiti za kiberiti, mkali kama siafu, hata wateja wakaogopa kuulizia baiskeli zao. Lakini alikaza roho, na msusi akajiona amepona.

Kifua hakikupona. Nywele mpya zilipoota, muuguzi alikata tena, na majibu yakawa yale yale.

"Basi kuna mwingine," muuguzi alisema. "Mchana mtoto anashinda na nani?"

"Na bibi yake. Lakini mama mkwe havuti. Mjane wa watu, mtu na heshima zake."

Alisema hivyo, ila moyo ulikuwa umeshashtuka. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, jua bado liko utosini. Mlango wa mama mkwe ulikuwa umefungwa, dirisha limevutwa pazia zito. Alipiga hodi na kusukuma kwa pamoja. Moshi ulimpiga usoni. Mama mkwe alikuwa kitandani, sigara mkononi, Chiriku amejilaza mapajani pake.

"Mama, funga mlango," mtoto alinong'ona. "Watu watamwona bibi!"

Mama mkwe aliifinya sigara kwa vidole vyake mwenyewe. Ilianza baada ya matanga ya mumewe, alisema. Ilikuwa inamtuliza. Mwanamke mzima, mwenye wakwe na wajukuu, angevutia wapi?

"Ni aibu, mwanangu. Nilifunga kwa aibu tu. Sikujua namfungia na yeye."

Msusi alitaka kupiga ukelele, lakini mkwe hapigiwi kelele. Na huyu ndiye aliyemwogesha Chiriku tangu kitovu hakijakauka, aliyekesha naye kila homa. Mapenzi yale hayakuwa ya uongo. Angemchukia vipi? Alijaribu kwenda na mtoto kazini, lakini dawa za kulainishia nywele zilimbana kifua kabla ya adhuhuri. Akarudishwa kwa bibi, na bibi akaapa hatagusa tena.

Aliapa kwa dhati. Kisha pumzi zake zikaanza kunukia pipi za mnanaa, na msusi akajua. Alimkuta nyuma ya choo, ameinama kama mwizi, na Chiriku kamng'ang'ania nguo, maana mtoto hakubali kuachwa.

"Nimejaribu, mwanangu. Mkono unakwenda wenyewe."

Fundi aliposikia alimpigia mama yake magoti. "Mama, mimi nimeweza. Na wewe jaribu, tafadhali." Mama alilia, na mwana akalia, na msusi akasimama kati yao hana pa kushika.

Kabla wiki haijaisha Chiriku alianguka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hospitalini walimfunika uso kwa kifaa cha hewa, na daktari akasema bila kupindisha: "Mara nyingine mnaweza msimwahi."

Msusi alimpigia dada yake mkubwa, anayekaa mbali, safari ya kutwa nzima. Mtoto alipopata nafuu akampeleka huko na kurudi peke yake. Nyumbani fundi hakumlaumu wala hakumsifu. Mama mkwe alisusa chakula. Alikuwa akikaa mlangoni akivuta waziwazi, na alipoambiwa watu wanamwona, akauliza, "Nimfiche nani sasa?"

Miezi kadhaa baadaye, msusi alipopata nafasi ya kwenda kumwona mwanawe, Chiriku alikuwa amenenepa, anakimbia na wenzake, anaongea bila kituo. Dada mtu alikuwa amempeleka apimwe: nywele safi. Msusi alishukuru, na machozi yakamtoka.

"Mama!" Chiriku aliita, na msusi akainuka, mikono wazi. Mtoto alimpita akaenda kumkumbatia mama yake mkubwa miguu.

"Ni mazoea tu," dada alisema kwa aibu. "Ukitaka kumchukua, mchukue. Wako huyo."

Msusi alimtazama binti yake anavyovuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka bila sauti. Alifikiria ile nyumba, na mjane aliyekaa mlangoni.

"Mwandikishe shule huku," alisema. Akachukua mkoba wake akatoka upesi, kabla ulimi haujamgeuka.